Kusugua na Kusukutua

Tarehe 10 Juni 1961, siku ya Jumamosi, mke wangu alipoteza jino la mbele, la chini, upande wa kushoto. Halikung'olewa na mtu. Alikuwa anakula hindi la kuchoma, akasimama kutafuna, akaingiza vidole kinywani, akalitoa na kulitazama kama mtu aliyekuta kokoto kwenye maharage. Lilikuwa jino zima, halina tundu popote. Mimi nilichangia kulipoteza, na hilo ndilo ninaloliandika.

Mke wangu ametutoka. Kwenye matanga watu walisema hakuwahi kugombana na mtu maishani mwake. Niliitikia kwa kichwa kwa sababu ya adabu, lakini si kweli. Aligombana nami sana mwaka ule, na alikuwa na haki. Watoto wetu hawakujua habari hiyo. Nilipowasimulia jioni ya siku ya tatu ya msiba walicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Basi binti yetu mkubwa akaniambia, "Baba, iandike hiyo, isije ikapotea." Nimesoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo nitaiandika kwa mpangilio ilivyotokea, nisije nikajichanganya.

Mwaka huo nilikuwa kibarua wa barabara kule Ngorongoro, kwenye ile barabara inayopanda msituni hadi ukingo wa kreta. Kazi yetu ilikuwa kuzibua mitaro na kujaza kokoto kwenye mashimo. Wiki nzima tulilala kambini, kwenye ukungu na baridi ya kuumiza masikio. Jumamosi saa sita lori la kazi lilitushusha Karatu, na mimi nikatembea kwenda nyumbani, upande wa Qurus. Pale nyumbani walikuwapo watu wawili tu, mama yangu na mke wangu. Mke wangu alikuwa na mimba yake ya kwanza.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu alinionyesha kijiti chake cha mswaki. Ncha yake ilikuwa nyekundu.

"Umejichoma?" nikamwuliza.

"Sijajichoma. Kila nikipiga mswaki fizi zinatoka damu. Ni wiki ya pili sasa."

Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni anachambua mboga. Hakuinua hata uso.

"Ni huyo mtoto," akasema. "Kila mtoto huja na jino lake. Analichukua kwa mama yake. Mimi nimezaa saba, hesabu mwenyewe." Akafungua mdomo.

Mke wangu aliinama akahesabu mapengo, mimi nikahesabu upande wa pili. Tukapata tisa.

"Aayo," mke wangu akamwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa lugha yetu, "watoto ni saba, mapengo ni tisa. Haya mawili ni ya nani?"

"Mumeo huyo alichukua matatu peke yake. Alikuja na kichwa kama kibuyu."

Mimi na mama tulicheka. Mke wangu hakucheka. Alifunga mdomo wake kwa kiganja, kisha akasema, "Kama ni hivyo, huyu atakuwa wa kwanza na wa mwisho."

Nilidhani ni maneno ya siku moja. Lakini alirudia Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Alikuwa amezaliwa peke yake kwa wazazi wake, na alikuwa ameniambia kabla hatujaoana kwamba anataka nyumba iliyojaa watoto, ya kelele. Sasa aliogopa. Alikuwa na meno mazuri. Hayakuwa meupe, maana sisi wa huku meno yetu yana madoa ya kahawia tangu utotoni, lakini yalikuwa yamepangika, na akicheka yalionekana yote.

Majirani walimshauri aache mswaki. Kila mmoja alisema hivyo hivyo: kinachotoka damu ni kidonda, na kidonda hakichokonolewi, hupumzishwa. Hata mimi niliona ni busara. Akaacha. Akawa anapitisha kitambaa mara moja moja kwenye meno ya mbele, basi.

Kufikia mwezi wa tano fizi zilikuwa zimevimba na kubadilika rangi, nyekundu ya kuiva, zinang'aa. Damu ilitoka hata akiuma ugali. Meno ya mbele yalionekana yamerefuka, kumbe fizi ndiyo iliyokuwa inarudi nyuma na kuyaacha wazi. Kinywa kilianza kutoa harufu. Siku moja alikuwa ananisimulia jambo kwa karibu, nami nikageuza uso nikajifanya ninakohoa. Aliona. Tangu siku hiyo akawa anazungumza nami akitazama pembeni. Jambo hilo nalijutia kuliko hata lile jino.

Kisha akaniambia kwamba meno mawili ya juu, yale makubwa ya mbele, yanacheza akiyasukuma kwa ulimi, na moja la chini pia. Nikaomba ruhusa kwa msimamizi wa barabara, nikampeleka zahanati ya Karatu.

Foleni ilikuwa ndefu. Karibu nasi alikaa mzee wa Kimaasai aliyetoka mbali, upande wa Malambo, ana kidonda mguuni. Alimwona mke wangu ameshika shavu.

"Yeyo, jino?" akamwuliza. Yeyo ni mama kwa lugha yao.

Mke wangu alijua Kiswahili kidogo tu cha dukani. Akanionyesha mimi.

"Mapema mno kuogopa," mzee akasema. Akavuta mdomo wake wa chini kwa kidole. Katikati palikuwa na pengo la meno mawili, pengo safi kama mlango, maana wao huyatoa kwa desturi tangu utotoni. "Sisi tunatoa mawili kwanza. Yale mengine yanaona, yanashika adabu."

"Na kweli yameshika adabu?" nikauliza.

"Tazama mwenyewe." Yalikuwa yamebaki yote, na fizi zake zilikuwa ngumu na safi. Akachomoa kijiti nyuma ya sikio. "Adabu yenyewe ndiyo hii," akasema, akacheka sana, na watu wa foleni wakacheka naye.

Mimi nilikuwa ninaona fahari siku hiyo. Wengi pale hawakujua Kiswahili vizuri, na nilikuwa nimeshawasaidia wawili watatu kuzungumza na karani wa mlangoni. Nilikuwa nimewaambia, bila kuulizwa, kwamba nina darasa la nne.

Mganga wa zahanati, ambaye sote tulimwita dresa, alikuwa kijana kutoka pwani, upande wa Tanga. Kiswahili chake kilikuwa kizuri mpaka unatamani arudie tu, hata usipoelewa. Alinawa mikono, akamketisha mke wangu karibu na dirisha, akabonyeza fizi kwa pamba. Damu ikatoka, na mahali pamoja usaha kidogo. Alisema vifaa vyake vya kukwangulia meno havijachemshwa kwa sababu mafuta ya taa yameisha, na bila kuchemshwa hawezi kuviingiza kinywani mwa mtu. Kisha akanigeukia.

"Bwana, mwambie mkeo asukutue kwa maji ya chumvi, asubuhi na jioni. Asukutue sana, asione uvivu. Arudi baada ya wiki mbili nimkwangue ukoga. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Sikuelewa. Neno kusukutua sikuwahi kulisikia. Mwalimu wetu hakulifundisha, wala kambini hakuna aliyelisema. Nilipaswa kuuliza. Lakini mlango ulikuwa wazi na foleni yote inanitazama, mimi mwenye darasa la nne. Nikafikiri haraka. Kusukutua, kusugua. Nikaona ni neno lilelile, isipokuwa watu wa pwani wanapenda kurefusha. Kusukutua ni kusugua kwenyewe hasa, kusugua kwa nguvu. Na maji ya chumvi maana yake chumvi iloweshwe kidogo isidondoke.

Nikamgeukia mke wangu, nikamwambia kwa lugha yetu, "Dresa anasema usugue fizi kwa chumvi, asubuhi na jioni. Usugue sana."

"Zinauma hivi nizisugue?"

"Ndivyo alivyosema. Na amesema usione uvivu."

Dresa alitabasamu akidhani nimefikisha ujumbe. Tukaenda zetu.

Nilinunua chumvi ya mawe njiani, nikaitwanga mwenyewe, maana nilitaka kuonyesha ninajali. Sikuitwanga laini. Niliona yenye chengachenga itasugua vizuri zaidi. Jioni hiyo mke wangu alichovya kijiti ndani ya chumvi, akasugua. Machozi yalimtoka. Alitema damu, akanitazama.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Alisugua kwa wiki tatu, asubuhi na jioni, hata siku ambazo mimi sikuwapo. Mama yangu aliniambia baadaye kwamba alikuwa anakwenda nyuma ya nyumba ili asionekane analia. Fizi zilichubuka. Wiki mbili zilipokwisha nilimkumbusha turudi kwa dresa, akakataa. "Yule kijana ananichukia," akasema. "Nikirudi atanipa kiberiti nizichome." Nami sikumlazimisha. Ndipo ikafika ile Jumamosi ya hindi la kuchoma.

Jino lilipotoka, mama yangu alisema, "Sasa mtoto ameshapata lake, yatatulia." Mke wangu alilifunga kwenye kipande cha kanga, akaingia ndani. Nilimsikia kutoka nje akipitisha ulimi kwenye lile pengo, kimlio kidogo cha kufyonza, mara nyingi.

Unajua nilifanya nini? Chumvi ilikuwa imekwisha. Nikaona jino limetoka kwa sababu hakusugua vya kutosha. Nikachukua kikapu, nikarudi Karatu mchana ule ule kununua nyingine.

Duka nililozoea lilikuwa la mzee mmoja wa Kirangi, Mwislamu aliyehamia kutoka Kondoa. Nilimkuta kwenye kibaraza cha nyuma amekaa kwenye kigoda, birika la maji mkononi, mikono ya kanzu ameikunja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ngoja kidogo nitawadhe, alasiri imeingia. Unataka nini?"

"Chumvi, mzee. Ile ya mawe."

"Chumvi tena? Wiki tatu hizi umechukua chumvi ya kutosha ng'ombe. Umefungua bucha?"

"Ni ya mke wangu. Ana ugonjwa wa fizi. Dresa amesema asukutue kwa chumvi."

Mzee alisimamisha birika hewani.

"Anasukutua kikapu kizima cha chumvi?"

"Asubuhi na jioni. Kwa mswaki. Damu inatoka sana, lakini anajitahidi."

"Hebu ngoja. Anafanya nini hasa? Nionyeshe."

Nikashika kijiti cha kufikirika, nikasugua hewani kwa nguvu, mbele na nyuma, kama mtu anayekata kuni kwa msumeno. Mzee alinitazama mpaka nikamaliza. Hakucheka bado. Alimimina maji kwenye kiganja, akayaingiza kinywani, akayazungusha shavu la kulia, shavu la kushoto, mashavu yakavimba na kunywea kama kiriba, akayatema pembeni. Akafanya hivyo mara tatu, taratibu, akinikazia macho.

"Huku," akasema, "ndiko kusukutua. Mimi nasukutua mara tano kwa siku, na sijatoka damu tangu nizaliwe."

Nilisimama pale na kikapu changu.

"Maji tu?" nikasema.

"Maji, mwanangu. Na yeye bila shaka kaambiwa maji ya chumvi, kijiko kidogo ndani ya glasi ya maji ya vuguvugu." Sasa ndipo alipoanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanzu. "Wallahi umenitia kicheko mpaka nimesahau nilipofika, sasa itabidi nianze udhu upya. Nenda nyumbani ukamwombe msamaha. Chumvi sikuuzii."

Njia ya kwenda Qurus siku hiyo ilikuwa ndefu. Nilifikiria kumwambia kwamba dresa amebadilisha dawa. Ilikuwa rahisi, naye asingejua kamwe. Lakini nilipofika nilimkuta amekaa kwenye gogo, akageuka pembeni kabla hajanijibu salamu, ili harufu isinifikie. Nikashindwa kusema uongo. Nikamweleza yote, na lile neno, na mzee na birika lake, na nikamwonyesha kwa kikombe cha maji, nikazungusha, nikatema.

Aliinama. Akatazama maji niliyotema yakiingia ardhini. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, amejishika tumbo, anacheka huku anaumia fizi na kuugulia. Mama yangu akatoka kuuliza, akaelezwa, akaketi chini. Na kicheko kilipokwisha ndipo hasira ikaja.

"Kwa hiyo darasa la nne ndilo lililoning'oa jino," mke wangu akasema.

"Nisamehe."

"Mimi nisiyesoma ningemwuliza, 'Neno hilo ni nini?' Wewe uliona aibu. Aibu yako imekaa kinywani mwangu."

Hakunisemesha mpaka Jumatatu, isipokuwa kuniambia sufuria iko wapi.

Jumatatu tulirudi zahanati. Nilimweleza dresa mbele ya watu wote, bila kupunguza. Alitoa macho, akaweka kalamu chini. Nilitarajia anikaripie.

"Hili ni letu wote wawili," akasema. "Nilikuuliza kama umeelewa, ukasema ndiyo, nikatosheka. Nilipaswa kukwambia uniambie ulichoelewa."

Nikamwuliza kama jino lilitoka kwa sababu ya chumvi yangu. Alilitazama pengo kwa muda. Akasema jino lile lilikuwa limeshaachia tangu kabla, ugonjwa ulikuwa umekula mfupa unaolishikilia, na chumvi iliumiza nyama tu. "Hukuchangia sana," akasema. Mke wangu alitaka kujua amesema nini. Nilimfasiria yote, pamoja na neno sana.

"Sasa," mke wangu akaniambia, "wewe usifasiri tena. Mwambie aonyeshe kwa mikono."

Dresa akaonyesha kwa mikono. Safari hii mafuta ya taa yalikuwapo na vifaa vilikuwa vimechemka. Alitumia kichuma chembamba chenye ncha iliyopinda, akakwangua shina la kila jino, polepole, akipumzika kila mke wangu alipoinua kidole. Vikatoka vipande vya ukoga uliogeuka jiwe, vya manjano na vyeusi, akaviweka kwenye bakuli ili avione. Mke wangu alivishtukia. Aliogopa ndivyo vilivyokuwa vinashikilia meno na sasa yatadondoka yote. Dresa alipoelezwa hofu hiyo akatikisa kichwa, akavigusa vile vipande, kisha akaonyesha kitu kinachong'ata na kunyonya.

"Kumbe ni kupe," mke wangu akasema. Akatulia, akafungua mdomo tena.

Dresa alipomaliza alituonyesha mengine. Asiache mswaki hata damu ikitoka, kwa sababu damu inatoka pale palipo na uchafu, na uchafu ukiachwa damu inazidi. Mswaki uwe laini, utafunwe ncha mpaka iwe kama brashi, upitishwe taratibu kutoka kwenye fizi kuelekea ncha ya jino, nje na ndani, hadi magego ya mwisho. Madoa ya kahawia ayaache, yanatokana na maji ya huku, hata akisugua kwa mchanga hayatoki. Kisha akalionyesha tumbo la mke wangu kwa mbali, akatikisa kidole. Hilo nililazimika kulifasiri: mtoto hali meno ya mama yake. Mimba hufanya fizi zivimbe upesi, lakini kinachozila ni uchafu.

"Na haya mawili ya juu?" mke wangu akauliza, akiyaonyesha.

Dresa aliyasukuma kwa kidole. Yalicheza. Akasema hawezi kuahidi. Akisafisha vizuri huenda fizi ikayakumbatia tena. Akijifungua nayo bado yanacheza, itabidi yatolewe.

Nyumbani, mama yangu alisikiliza habari hiyo mpya kuhusu watoto na meno, akauliza swali moja.

"Huyo dresa amezaa wangapi?"

"Bado hajaoa, mama."

"Basi," akasema, akarudi kwenye mboga zake.

Mke wangu hakubishana naye. Alianza kazi. Mama mmoja aliyekuwa anapanda kutoka Baray na samaki wakavu alimletea vijiti vya mti wa mswaki, ule unaoota kule chini kwenye joto karibu na ziwa, laini na wenye ladha ya ukali kidogo. Alivitafuna ncha, akapitisha kama alivyoonyeshwa. Wiki ya kwanza damu ilitoka kila siku, na kila siku aliendelea. Wiki ya pili ilitoka upande mmoja tu. Alichemsha maji, akayaacha yapoe, akatia chumvi kiasi cha kushikwa na vidole viwili, akasukutua akitembea uani, mashavu yamejaa, anatusalimu kwa macho tu. Mama yangu alisema nyumba imepata amani ambayo haijawahi kuwa nayo.

Mimi nilibeba vijiti kambini, maana nilikuwa nimeona ncha ya kijiti changu mwenyewe nayo ina wekundu, na sikuwa nimemwambia mtu. Wenzangu walinikuta asubuhi kwenye ukungu nimetoa meno nje, ninapitisha.

"Ee bwana, unaoa mke wa pili?"

"Huyu wa kwanza hajanisamehe bado," nikawajibu.

Kufikia mwezi wa nane harufu ilikuwa imekwisha. Hakuniambia. Nilijua kwa sababu Jumamosi moja aliniegemea begani akanisimulia habari ndefu ya jirani na mbuzi, uso kwa uso, na nilipomaliza kusikiliza ndipo nikagundua. Fizi zilikuwa zimerudi rangi yake, zimebana. Lakini yale mawili ya juu hakutaka niyaguse wala kuyaulizia. "Usiyaharakishe," alisema.

Alijifungua mwezi wa kumi, mtoto wa kike, huyu huyu aliyenituma niandike. Sikuwapo. Niliposhuka Jumamosi mama yangu alinisimulia. Alimpokea mjukuu, akamwosha, akamfunga nguo, akamweka kifuani mwa mama yake. Kisha akamwambia mkwewe, "Fungua mdomo." Akahesabu juu, akahesabu chini, akarudia.

"Hakuna lililotoka," mama yangu akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Akafikiri. "Labda huyu alilipiwa na lile la mwezi wa sita."

"Basi wa pili atakuja bure," mke wangu akasema kutoka kitandani.

Nilitoka nje nikapasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Mwezi wa kumi na moja alipopata nguvu tulikwenda zahanati, yeye na mtoto mgongoni. Dresa alimketisha dirishani, akabonyeza fizi kwa pamba, akaitazama pamba. Ilikuwa nyeupe. Akashika jino la kwanza la juu kwa vidole viwili, akalisukuma mbele, akalisukuma nyuma. Akashika la pili. Mke wangu alikuwa amefumba macho.

"Yamekaa," dresa akasema.

Kwa neno hilo mke wangu hakuhitaji mfasiri. Alifumbua macho, akayasukuma mwenyewe kwa kidole gumba, kwa nguvu kuliko dresa, mpaka dresa akamshika mkono.

Kisha dresa akatuomba jambo. Alisema foleni yote iliyoko nje imejaa akina mama wenye fizi kama zilivyokuwa zake, na wengi wakisikia Kiswahili chake huitikia ndiyo halafu yeye hafahamu wamekwenda kufanya nini. Akaomba mke wangu awaonyeshe. Nikajiandaa kufasiri. Mke wangu akanipa mtoto nimshike.

Alitoka barazani na kikombe cha maji na kijiti. Aliwasemesha kwa lugha yetu, hakuona haya. Aliwaonyesha pengo lake, akaninyooshea kidole akawaeleza limetokana na nani, wakacheka wote na mimi nikainamia mtoto. Aliwaonyesha namna ya kutafuna kijiti na kukipitisha taratibu. Akawaambia damu si sababu ya kuacha. Mwisho akasema kwa Kiswahili, kwa sauti, "Sukutua!" Akajaza maji kinywani, akayazungusha kulia na kushoto mpaka kila mmoja akaona, akageuka kuyatema nje ya baraza, bila kujua kwamba dresa alikuwa amesimama hapo hapo anamsikiliza. Maji yote yalimwagikia viatu vyake.

Dresa alivitazama viatu. Akarudi nyuma hatua moja, akavikung'uta, akamwita mtu wa kwanza kwenye foleni.